Mradi wa karanga Kongwa: Mzungu fundi wa kawaida alikuwa anaishi na kufanya kazi vipi?

Mtoto wa Kibaigwa

Habari za jioni wakuu. Naomba mwenye kuijua vizuri historia ya Kongwa anisaidie, hili jambo limekaa kichwani mwangu muda mrefu na wazee wa kuwauliza ndo wanaisha.

Marehemu babu mzaa mama alifanya kazi kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza. Alianza kama tandiboi wa buldoza, baadae akakabidhiwa trekta aendeshe mwenyewe. Katika stori zake zote sijawahi kumsikia akimtaja DC wala gavana, yeye alikuwa anamtaja Mzungu mmoja tu, fundi mitambo, ndo alikuwa bosi wake wa kila siku. Anasema alikuwa ametoka vitani, mwembamba, grisi mpaka kwenye viwiko, analala kwenye hema, na Jumapili anakaa kwenye kiti cha turubai anaandika barua kwao. Mshahara ukitoka sehemu inakatwa inaenda Uingereza kwa mke wake. Alikuwa anaweza kumtukana babu asubuhi kwa sababu ya nati moja kupotea na jioni akamgawia sigara. Babu alikuwa anasema wazi kwamba yule bwana kwao alikuwa mtu wa chini tu, aliwahi kutamka mwenyewe.

Sasa mimi shuleni nimekariri wakoloni wa aina tatu, mtawala, mlowezi na mmisionari, huyu wa spana sijui nimuweke wapi. Nani alimleta Ugogo? Siku yake ya kazi ilikuwaje, wenzake watawala walikuwa wanamchukuliaje, na mradi ulipokufa alienda wapi? Mtandaoni kila nikitafuta nakutana na hasara ya mamilioni ya pauni na wanasiasa wa London, mtu wa chini aliyekuwa anashika chuma simuoni, wala yule Mgogo aliyekuwa anamshikia taa simuoni.

Mwalimu wa Area C

Kijana swali lako ni la maana sana. Nimefundisha historia Dodoma hii mpaka nimestaafu na niliwahi kukaa na wazee wengi wa Kongwa, Mlali na Hogoro kabla hawajaondoka, ngoja nikupe ninachokijua.

Anza na vita. Mwaka 1945 Uingereza imeshinda lakini haina hela na haina mafuta, watu wanapanga foleni na vitabu vya mgao wanapimiwa siagi na mafuta ya kupikia kila wiki. Mwaka 1946 bosi mmoja wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, anaitwa Frank Samuel, akapeleka wazo serikalini kwamba Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine. Serikali ya chama cha Labour ikalipenda wazo, ikatuma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield ambaye aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa hapa Tanganyika, wakazunguka wiki tisa, na sehemu kubwa ya hiyo ardhi waliiangalia wakiwa juu kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, bajeti pauni milioni 25, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Waziri wa chakula John Strachey akaubeba mradi kwa moyo wake wote.

Hapo ndo anaingia huyo bosi wa babu yako. Ilipotangazwa kwamba wanatakiwa watu wa kwenda Afrika, maombi yalifika kama laki moja, wengi wao askari waliokuwa wametoka jeshini juzi juzi. Hebu mfikirie huyo mtu, ana miaka ishirini na kitu au thelathini, ujana wake umeishia Burma au Afrika Kaskazini anatengeneza vifaru, amerudi nyumbani anakuta baridi, kuponi za chakula, nyumba zimebomolewa na mabomu, halafu anaona tangazo la kazi ya ufundi kwenye nchi ya jua, mshahara mzuri, na anaambiwa anaenda kulisha wenzake wenye njaa. Wengi waliamini hivyo kabisa. Hawakuja na nia ya kutawala mtu na wala hawakuja kununua shamba, walikuwa waajiriwa wa mkataba, kwanza chini ya kampuni ya United Africa na kuanzia 1948 chini ya shirika la serikali ya Uingereza lililoitwa Overseas Food Corporation, ndo ile OFC ambayo mpaka leo wazee wanaitaja.

Sasa kazi yenyewe. Kundi la kwanza lilifika Kongwa mwanzoni mwa 1947. Bandari ya Dar ilikuwa ndogo na ilielemewa na mizigo, reli ya kati ni njia moja na mvua zikija inasombwa, kwa hiyo mashine zikawa zinakuja kwa kusuasua. Na mashine zenyewe! Viwanda vilikuwa haviwezi kutoa trekta mpya za kutosha, wakaenda kununua mabaki ya jeshi la Marekani kule Ufilipino, buldoza na trekta zilizokuwa zimeachwa kwenye mvua na chumvi ya bahari. Nyingine zikatengenezwa na Vickers kutoka kwenye vifaru vya Sherman. Kufikia mwisho wa kiangazi cha 1947 theluthi mbili ya trekta zilizoletwa zilikuwa zimelala. Huyo fundi ndo alikuwa anaamka kuzikuta. Spea hakuna, au zipo lakini ziko chini ya mzigo mwingine bandarini, kwa hiyo anavua gia kwenye trekta moja iliyokufa anaitia kwenye nyingine, kesho nayo inakufa kwa kitu kingine.

Mzee mmoja wa Hogoro aliyekuwa karakana alinieleza jinsi walivyokuwa wanafungua giaboksi ya buldoza porini. Chini kuna vumbi jekundu laini linaingia kila mahali, kwa hiyo wanatandika turubai, wanamwagia maji pembeni vumbi litulie, halafu fundi analala chali chini ya mashine na tandiboi anachuchumaa na ndoo ya dizeli anaosha kila kipande na kukipanga kwa mpangilio ule ule kilivyotoka, kuanzia kushoto kwenda kulia, ole wako uvuruge. Chuma kimelala juani tangu saa mbili, ukikigusa bila kitambaa ngozi inabaki pale. Upepo wa Ugogo ukivuma kabla hamjafunga mnaanza upya kuosha. Mzee alisema Mzungu wake akiona upepo unakuja alikuwa anajilaza juu ya zile gia kwa kifua chake.

Na hiyo ni mashine tu, bado kuna pori lenyewe. Vichaka vya Kongwa mnavijua, vimefungamana mpaka mbuzi anatafuta njia, mizizi inaenda chini na kurudi juu, ukisukuma na buldoza kichaka kinalala halafu kinasimama tena. Mibuyu ndo usiseme, na ndani ya mibuyu kuna nyuki, walikuwa wanawavamia madereva mpaka watu wanalazwa hospitali. Kuna mibuyu iliyokuwa ya matambiko, wazee wa Kigogo wakawa wanakataa isiguswe. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000 na zilizopandwa hazikufika hata 10,000.

Ngosha wa Relini

Mwalimu shikamoo, nimejifunza mengi. Ila naomba niseme kitu kwa uchungu kidogo maana naona uzi unaanza kumlilia Mzungu.

Huyo fundi alilala kwenye hema sawa, alichafuka grisi sawa, lakini hema lake lilikuwa upande wa Wazungu na babu yake Mtoto wa Kibaigwa alikuwa anarudi upande wa Waafrika. Hospitali wodi tofauti. Kantini tofauti. Shule ikajengwa pale pale Kongwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu, ya bweni, watoto wanaletwa kutoka pande zote za Tanganyika, na mtoto wa Kigogo aliyezaliwa hatua chache kutoka pale akabaki anachunga ng'ombe nje ya uzio. Na mtu aliyekuwa wa chini kwao siku anashuka meli Dar es Salaam alikuwa tayari ni bwana, ana mpishi, ana boi wa kumfulia, ana haki ya kumtukana mtu mzima mwenye watoto kwa sababu ya nati. Kwao angemtukana nani?

Babu yangu mimi alikuwa reli, Morogoro. Septemba 1947 wapagazi wa bandari ya Dar waligoma kwa sababu ya mishahara na gharama za maisha zilizopanda baada ya vita, na ule mgomo ukapanda na reli kituo kwa kituo mpaka bara, Kongwa nayo ikaingia. Babu alikuwa anasema waliokuwa wakipita kwenye treni kwenda Kongwa walikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliorudi Burma, wamepigana bega kwa bega na hao hao Waingereza, wamejifunza udereva na ufundi jeshini, halafu wanaajiriwa kwa mshahara ambao Mzungu mwenye ujuzi ule ule asingekubali kuuangalia. Mtu kama huyo humwambii kitu kuhusu ubwana, ameshamuona bwana akilia kwenye handaki.

Kwa hiyo namuheshimu mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake, lakini tusimtenge na mfumo uliomleta, ubwana ulikuwa sehemu ya mshahara wake.

Mwalimu wa Area C

Marahaba Ngosha, na wala sikupingi hata neno moja. Ulichosema ndo nilikuwa nakijia. Mtu mmoja anaweza kuwa amechoka, ana malaria, amedanganywa na serikali yake, na wakati huo huo ni bwana kwa mwenzake. Yote mawili yalikuwa ndani ya hema moja.

Mama Wawili Nachingwea

Mimi naongea kwa upande wetu wa kusini maana kila mtu akisema karanga anakumbuka Kongwa tu. Mradi ulikuwa na sehemu tatu, Kongwa, Urambo kule Tabora na huku kwetu Nachingwea. Na huku ndo walipotegemea zaidi maana mvua zetu ni nzuri kuliko za Ugogo.

Tofauti ya huku ni kwamba hakukuwa na kitu kabisa, hakuna bandari ya maana, hakuna reli. Kwa hiyo Wazungu wengi waliokuja kusini hawakugusa karanga, kazi yao ilikuwa ujenzi. Mtwara mnayoiona leo na bandari yake ya kina kirefu ni mtoto wa karanga, ilichaguliwa kwa sababu ya mradi na mji ukapimwa upya. Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, wapima ardhi, mafundi wa daraja, madereva wa kreni, makarani wa stoo, wote hao walikuwa Waingereza wa mkataba na chini yao maelfu ya Wamakonde, Wamwera, Wayao na watu wengine waliotoka ng'ambo ya Ruvuma. Na reli ilikamilika karanga zenyewe zimeshakufa. Baada ya uhuru haikuchukua muda ikafungwa, vyuma vikang'olewa, ukipita leo unaona tuta limebaki limeota nyasi na watu wanapitisha baiskeli juu yake.

Huku kufyeka walitumia mnyororo. Buldoza mbili zinatembea sambamba zimeachana, katikati zimefungwa mnyororo mzito wa nanga ya meli, zinapoenda mbele ule mnyororo unalaza miti yote iliyopo kati. Bibi yangu alikuwa binti mdogo, alisema mlio wake ulikuwa unasikika mpaka kijiji cha pili, na wanyama walikuwa wanakimbia mbele yake, swala, nguruwe, sungura, wanaume wanasubiri pembeni na mikuki. Siku hizo nyama haikukosekana nyumbani. Halafu msitu ulipoisha na nyama ikaisha.

Yale mashamba yaligawanywa kwa namba na namba zimebaki mpaka leo. Wengi wenu mmesikia Farm 17, pale ndo FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipewa kambi ya mafunzo miaka ya 60, Samora Machel alikaa pale. Hata Kongwa kwenu ni hivyo hivyo, majengo ya mradi ndo wakapewa wapigania uhuru kuanzia 1964, SWAPO, ANC, FRELIMO na wengine. Kwa hiyo nyumba aliyojengewa fundi wa Kiingereza ikaja kulaza kijana wa Namibia aliyekuwa anajifunza bunduki. Mimi hilo linanigusa kuliko hesabu ya hasara.

Mjukuu wa Karani

Naomba nijibu lile la watawala walikuwa wanamchukuliaje. Babu mzaa baba alikuwa karani wa boma, alianza Mpwapwa, na Kongwa wakati huo ilikuwa chini ya wilaya ya Mpwapwa, kwa hiyo aliwaona wote wawili, DC na watu wa karanga.

DC alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Wengi wao walitoka Oxford na Cambridge, wakiajiriwa wanapitishwa kwanza kwenye kozi, sheria kidogo, Kiswahili, mambo ya mila, halafu wanakuja kama wanafunzi wa utawala na lazima wafaulu mtihani wa Kiswahili serikalini la sivyo hawapandi. Walikuwa wachache sana, wilaya kubwa kuliko nchi nyingine za Ulaya ina DC mmoja na wasaidizi wawili watatu, kwa hiyo mtu mmoja ndo hakimu, ndo mkusanya kodi, ndo msimamizi wa barabara, ndo anakagua mahakama za watemi, ndo analipa mishahara ya matarishi. Wiki mbili kwa mwezi yuko safari, zamani kwa miguu na wapagazi, baada ya vita kwa lori na Landrova, anafika kijijini anapiga hema, meza ya kukunja inawekwa chini ya mti, anasikiliza mashauri ya ng'ombe na mahari mpaka jua linazama. Babu anasema walikuwapo wazuri na walikuwapo wa hovyo, lakini karibu wote walikuwa wanajua majina ya wazee wa eneo lao, ya watoto wao, na nani ana kesi na nani.

Sasa mtu huyo analetewa wilayani kwake mamia ya Wazungu wasiojua Kiswahili, hawamjui mtemi, wanakunywa bia kwa wingi, wanaendesha malori usiku, wanaripoti kwa London na sio kwake. Hakuwapenda. Bomani walikuwa wanawaita watu wa karanga, na namna ilivyokuwa inatamkwa sio kwa heshima. Babu alishaona fundi wa Kongwa amekuja bomani na shida yake, amesimama barazani kofia mkononi, DC anaongea naye lugha moja lakini unaona kabisa huyu hatakaribishwa chai. Tabaka za kwao walikuja nazo kwenye meli. Mzee wangu alikuwa anasema ile ndo siku aliyoelewa kwamba Wazungu nao wana mabwana zao, na ilimsaidia sana baadae aliposikia TANU wanaongea.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba ile dharau iliwanyima maarifa. Mtu pekee wa Kizungu aliyekuwa na kumbukumbu za mvua na njaa za Ugogo mezani kwake alikuwa huyo DC na watu wa kilimo wa wilaya, na mtu aliyekuwa anashika jembe la trekta hakuwa na njia ya kuongea nao.

Mtoto wa Kibaigwa

Wakuu mmenifungua macho, dada wa Nachingwea na Mjukuu wa Karani asanteni sana, Ngosha nimekuelewa na nakubaliana na wewe kabisa kuhusu ubwana kuwa sehemu ya mshahara.

Mwalimu, nina la nyongeza. Babu alikuwa anasema Wagogo walijua tangu mwanzo kwamba karanga hazitatoka, lakini hakuna aliyewauliza. Ni kweli au ni maneno ya baada ya tukio? Na mwisho wake ulikuwaje kwa hawa mafundi?

Mwalimu wa Area C

Ni kweli, na ushahidi ni kilimo chenyewe cha Kigogo. Mgogo analima uwele na mtama, anapanda mara mbili tatu mvua ikimdanganya, na akiba yake ya kweli ni ng'ombe ambao anawagawa kwa ndugu na marafiki sehemu mbali mbali ili mvua ikikosa hapa wawe na majani kule. Huo ni mfumo wa watu waliokufa kwa njaa wakajifunza. Njaa ya Mtunya ya 1917 mpaka 1920 ilikuwa kwenye kumbukumbu ya kila mtu mzima wakati ndege ya Wakefield inapita juu. Karanga Wagogo walikuwa wanalima, vishamba vidogo, sehemu zenye udongo wa kichanga walizozichagua wenyewe. Ungemuuliza mama yeyote wa Mlali kwa nini halimi karanga ekari elfu moja angekuonyesha udongo.

Udongo ndo uliowamaliza. Ule wa Kongwa una mfinyanzi na ndani yake kuna punje ngumu za mawe, ukilima unasaga chuma kama tupa, majembe mapya yanaisha makali baada ya muda mfupi na ndo kazi nyingine ya huyo fundi, kuchomelea na kubadilisha visahani vya plau kila kukicha. Lakini kibaya zaidi ni mvua ikikata. Karanga inazaa chini, si ndio, maua yanaingiza vikonyo ardhini. Jua likipiga ule udongo unakauka unakuwa sakafu, vikonyo haviingii vizuri, na zile zilizofanikiwa kuzaa mashine ikija kung'oa inakata shina juu maganda yanabaki chini yamefungwa. Wazee wanasema waliona Wazungu wazima wamepiga magoti wanachokonoa kwa bisibisi kuona kama kuna kitu. Wakajaribu na alizeti, msimu wa 1948 kwenda 1949 ukame ukapiga. Mwisho wa hesabu karanga zilizonunuliwa kwa ajili ya mbegu zilikuwa nyingi kuliko zilizovunwa.

Pale juu walibadilishana lawama. Meja Jenerali Desmond Harrison aliyeletwa kuendesha Kongwa kijeshi aliugua akarudishwa, Wakefield akaondolewa 1949, Strachey akabanwa bungeni, na Januari 1951 serikali ikatangaza kufuta mpango, pauni kama milioni 36 zimepotea. Mwananchi wa kawaida wa London mafuta yake hakuyapata.

Kwa mafundi ilikuwa barua tu. Mkataba umeisha, panga mizigo. Wengine walirudi kwao, wengine wakavuka kwenda Kenya na Rhodesia, wengine wakachukuliwa na idara ya ujenzi ya serikali ya Tanganyika au wakabaki kwenye vipande vya mradi vilivyoendelea kwa udogo. Urambo ikageuka kuwa nchi ya tumbaku na mpaka leo inaishi kwa tumbaku, Kongwa sehemu ya mashamba ikageuzwa malisho, ile ranchi ya Kongwa mnayoijua chanzo chake ni hapo. Ile shule ya Wazungu ilibaki miaka kadhaa baada ya karanga kufa, watoto wanasoma katikati ya mashine zinazooza.

Na ujuzi ulibaki kwa nani? Kwa matandiboi. Hilo vitabu vya Waingereza haviliandiki kwa sababu haliingii kwenye hesabu ya pauni. Miaka ya 50 ukiona lori linapita barabara ya Dodoma kwenda Morogoro au Arusha, dereva na fundi wake mara nyingi ni mtu aliyejifunzia Kongwa. Gereji za Dodoma za mwanzo za Waafrika, wengi wa mafundi wale walianza na ndoo ya dizeli chini ya buldoza. Hawakupewa vyeti. Waliangalia mikono ya Mzungu mpaka wakajua, na Mzungu mwenyewe mara nyingi hakuona kwamba anafundisha, yeye alijua anatoa amri.

Ngosha wa Relini

Mwalimu hapo kwenye matandiboi umenigusa sana, naomba uiandike hiyo mahali, hata kijitabu kidogo, usituachie hapa jukwaani tu. Historia ya huu mradi imeandikwa na watu waliokuwa wanatetea au kushambulia serikali ya London, mtu aliyepanga gia kutoka kushoto kwenda kulia hana ukurasa hata mmoja.

Mama Wawili Nachingwea

Naunga mkono. Na wanawake pia msiwasahau, Mwalimu. Kambi ile ilikula ugali wa nani? Bibi yangu na wenzake walikuwa wanatembea alfajiri na unga, mayai, kuku, ndizi kwenda kuuza kambini, na bei za vyakula zilipanda kila mahali mashine zilipofika maana wanaume walikuwa kwenye kazi za mshahara na mashamba yakabaki kwa wanawake. Wake wa Wazungu walipoanza kuletwa wakawa wanataka yaya, wasichana wengi wa kwetu walianza kazi ya mshahara kwa mara ya kwanza hapo. Kuna bibi alilea mtoto wa fundi mpaka akajua kuongea Kimwera kabla ya Kiingereza, mkataba ulipoisha wakaondoka asubuhi moja kwa lori, hakuwahi kujua yule mtoto aliishia wapi. Alikuwa anaulizia mpaka uzeeni kama kuna mtu ana habari zake.

Mjukuu wa Karani

Mtoto wa Kibaigwa kama unataka kumfuatilia babu na huyo bosi wake, nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar. Faili za wilaya ya Mpwapwa na jimbo la kati zipo, omba za miaka ya 1947 mpaka 1955, uwe na kitambulisho na uombe kibali cha utafiti mapema. Barua na shajara za Waingereza waliofanya kazi makoloni nyingi ziko maktaba ya Bodleian, Oxford, familia zao walizipeleka huko, na ukiwaandikia barua pepe kistaarabu wanajibu.

Lakini kabla ya yote muulize mama yako na mama zako wadogo kama kuna kipande cha kazi cha mzee, yaani kadi yake ya kazi, au picha, au hata barua ya kuachishwa kazi. Wazee wa wakati ule walikuwa wanavihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na risiti za kodi. Kikipatikana kipige picha pande zote mbili, nyuma mara nyingi kuna sahihi ya msimamizi na namba ya kitengo, na ukiwa na namba ya kitengo utajua babu alikuwa shamba gani na nani alikuwa anasimamia mashine pale.

Mtoto wa Kibaigwa

Mama mdogo yuko Mlali, nimempigia sasa hivi. Sanduku lipo, funguo ilipotea ila anasema Jumamosi fundi atakuja kulifungua. Nitaenda na nitapandisha picha hapa hapa. Mwalimu naomba namba yako kwa ujumbe wa faragha, kuna wazee wawili Hogoro bado wapo hai waliofanya kazi na babu, mmoja masikio yanasumbua ila akili iko sawa, nataka tuwarekodi kabla ya masika maana barabara ya kule mvua zikianza haipitiki.